Jukwaa la Ujenzi Kando ya Njia: Haki na Tahadhari za Mpita Njia

Fundi aliye juu ya jukwaa la ujenzi hutakiwa kuvaa kofia ngumu, viatu vya kazi na mkanda wa usalama. Mtu apitaye chini yake akielekea sokoni, shuleni au hospitalini hana hata kimoja kati ya hivyo. Hata hivyo, sheria haikumwacha ajilinde peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haikutungwa kwa ajili ya wafanyakazi tu. Imekusudia pia kuwalinda watu wengine dhidi ya hatari zitokanazo na kazi inayofanywa. Makala haya yanaeleza hatari hizo, wajibu wa mwenye kujenga, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuzichukua.

Hatari tatu

Jukwaa la ujenzi, ambalo mafundi wengi huliita skafoldi, ni muundo wa muda wa mabomba ya chuma au mirunda, unaowainua mafundi na vifaa vyao hadi mahali pa kazi. Linaposimamishwa kando ya barabara, huleta hatari za aina tatu.

Ya kwanza ni kudondoka kwa vitu. Nyundo iliyoachiwa kutoka kimo cha mita 10 hufika chini kwa muda usiotimia sekunde moja na nusu, ikiwa na mwendo wa takriban kilomita 50 kwa saa. Huo ndio mwendo ambao gari haliruhusiwi kuuzidi katika maeneo ya makazi. Onyo la kupaza sauti haliwezi kumwokoa mtu aliyeinamia simu yake.

Ya pili ni kuanguka kwa jukwaa lenyewe. Nguzo huzama udongo unapolowa mvua. Jukwaa huyumba lisipofungwa kwenye jengo. Hupinda likirundikiwa matofali kupita uwezo wake. Na hudhoofika mtu anapoondoa nguzo ya mshazari ili apate nafasi ya kupita. Turubai linalofunika jukwaa huzuia vumbi, lakini pia huvuta upepo kama tanga la jahazi. Jukwaa lililofunikwa huhitaji kufungwa kwa uimara zaidi kuliko lililo wazi.

Ya tatu husahaulika mara nyingi. Njia ya miguu inapozibwa, mama aliyebeba mtoto, mzee mwenye mkongojo na mtumiaji wa kiti cha magurudumu hulazimika kushuka barabarani, katikati ya daladala na bodaboda. Ajali ikitokea hapo huitwa ya barabarani, ingawa chanzo chake ni jukwaa.

Wajibu wa mwenye kujenga

Mmiliki wa jengo anaweza kuwa na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri yake. Kibali hicho kinahusu jengo lililo ndani ya kiwanja. Hakimpi ruhusa ya kutwaa njia ya umma. Kuweka kitu chochote ndani ya hifadhi ya barabara kunahitaji idhini ya mamlaka ya barabara husika: TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, na TARURA kwa barabara za wilaya, zikiwamo nyingi za mitaa ya mijini.

Aidha, eneo la ujenzi hutakiwa kusajiliwa kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), na mkandarasi hutakiwa kuweka bango la mradi linaloonekana. Bango hilo ni msaada kwa mwananchi, kwa kuwa humjulisha ni nani anayewajibika. Mahali pasipo na bango, mwananchi ana sababu ya kuuliza.

Mmiliki naye asidhani kwamba wajibu wake umekwisha kwa kusema, "Nilimwachia fundi." Anapopokea bei mbili za kazi moja, na moja ikawa chini sana, aulize ni kitu gani kilichopunguzwa. Mara nyingi ni uzio, wavu na mbao za kinga. Ni vyema mahitaji hayo yaandikwe katika mkataba na kutengewa fedha zake tangu mwanzo.

Alama za jukwaa salama

Si lazima uwe mhandisi ili ulitambue jukwaa la mashaka. Ukiwa umesimama mbali, angalia mambo yafuatayo:

1. Miguu ya jukwaa. Iwe imekalishwa kwenye vitako vya chuma na mbao imara juu ya ardhi ngumu. Nguzo iliyoegeshwa juu ya mawe au matofali yaliyopangwa ni dalili ya hatari.

2. Msimamo. Nguzo ziwe wima, ziwe na mishazari, na jukwaa liwe limefungwa kwenye jengo katika sehemu kadhaa.

3. Sakafu ya kazi. Mbao zikaribiane bila kuacha mianya, kuwe na vizuizi vya pembeni, na ubao uliosimamishwa ukingoni ili kuzuia zana zisisukumwe na mguu zikaanguka.

4. Kinga ya wapitao chini. Kuwe na wavu, au paa imara juu ya njia ya miguu. La sivyo, sehemu hiyo izungushiwe uzio na kufungwa kabisa.

5. Njia mbadala. Itenganishwe na magari kwa vizuizi na itoshe kupitisha kiti cha magurudumu. Mabomba yasichomoze usawa wa kichwa, kwa kuwa fimbo nyeupe ya asiyeona hupapasa chini tu. Usiku, pawe na taa au alama zinazong'aa.

6. Ukaguzi. Mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1992 kuhusu usalama katika ujenzi unaelekeza jukwaa likaguliwe na mtu mwenye ujuzi kabla ya kutumika, kisha kila baada ya muda maalumu, na pia baada ya kubadilishwa au kupatwa na hali mbaya ya hewa. Jukwaa lililokuwa salama jana huenda lisiwe salama leo baada ya mvua ya usiku kucha.

Mwananchi afanye nini

Usipite katikati ya nguzo za jukwaa ili kufupisha safari. Ni afadhali uvuke barabara mapema, mahali unapoonekana na madereva, kuliko kushuka ghafla mbele ya magari. Wafundishe watoto kwamba jukwaa si mahali pa kuchezea, hata siku ambayo mafundi hawapo.

Kwa wafanyabiashara wadogo na mama lishe, kivuli cha jukwaa huvutia wakati wa jua kali. Lakini anayepita hukaa chini ya hatari kwa sekunde chache, ilhali anayeuza hukaa hapo kutwa nzima pamoja na wateja wake. Tafuta nafasi nyingine hadi kazi itakapokamilika.

Ukiona kasoro, mweleze kwanza msimamizi wa kazi. Asipoirekebisha, toa taarifa kwa ofisi ya serikali ya mtaa, halmashauri au OSHA. Taja mahali, tarehe, kasoro uliyoiona na majina yaliyo kwenye bango. Picha iliyopigwa kutoka mbali itasaidia. Usijaribu kufungua, kusogeza wala kupanda jukwaa ili kuthibitisha ulichokiona.

Jukwaa likianguka, waondoe watu eneo hilo, kwa maana sehemu iliyobaki inaweza kufuata. Piga simu Polisi kwa namba 112 au Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Usimsogeze majeruhi isipokuwa yuko katika hatari nyingine ya papo hapo. Aliyeumia apate fomu ya polisi ya PF3, atunze stakabadhi za matibabu na kuandika majina ya mashahidi, kwani bila kumbukumbu hizo madai ya fidia huwa magumu kuthibitishwa.

Watu husema ajali haina kinga. Katika ujenzi, usemi huo mara nyingi si kweli: nyundo iliyofungwa kamba haidondoki kichwani mwa mtu, na njia iliyozungushiwa uzio haina mtu wa kudondokewa. Kinga hizo zina gharama, na gharama hiyo ni ya mwenye kujenga, si ya mpita njia.