Noti Ileile, Uniti Chache

Pale Dumila, barabara ya Kilosa inapoachana na ile ya Morogoro kwenda Dodoma, shilingi 10,000 zinaweza kuleta uniti 77 katika nyumba moja na uniti 28 katika nyumba ya pili iliyo ukuta kwa ukuta. Umeme ni wa TANESCO uleule, nguzo ni ileile. Na yule aliyepata 77 mwanzoni mwa mwezi akirudi kununua kabla mwezi haujaisha, noti hiyohiyo inaweza kumpa uniti 23. Hapo ndipo watu husema mita inakimbia, na wengine huita kishoka aje "kuirekebisha". Kabla ya kufika huko, inafaa kujua umeme unahesabiwaje, kwa sababu sehemu kubwa ya mshtuko huo hutokana na bei, na sehemu iliyobaki inaweza kupimwa na mwenye nyumba mwenyewe.

Tuanze na bei. Viwango vilivyoanza Aprili 2016 kwa idhini ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, viliwagawa wateja wa kawaida katika madaraja mawili. Mtumiaji mdogo wa nyumbani, daraja D1, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 za mwezi. Akivuka hapo, kila uniti inayofuata ni shilingi 350. Daraja T1, walimo wenye matumizi makubwa zaidi pamoja na maduka na saluni, ni shilingi 292 tangu uniti ya kwanza. Juu yake kuna VAT asilimia 18, asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, na asilimia 1 ya EWURA. Jumla asilimia 22. Kwa hiyo uniti ya shilingi 100 inamfikia mnunuzi kwa 122, ile ya 292 kwa 356, na ile ya 350 kwa 427.

Sasa mfuate mtu wa D1. Tarehe mbili ananunua umeme wa shilingi 9,150, anapata uniti 75 kamili. Zinaisha tarehe ishirini. Ananunua wa 10,000 na kupata uniti 23, zinazokwisha kwa siku chache kwa matumizi yaleyale. Hakuna kilichoharibika ndani ya mita. Amevuka ngazi ya bei, na ngazi yenyewe ni ndefu: kila uniti imekuwa ghali mara tatu na nusu. Mwenye nyumba akizoea kuvuka hivyo, wastani wake hupanda na huhamishwa kwenda T1, na zile uniti za bei nafuu anazipoteza kabisa.

Kuna pia kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla; kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Chumba kilichokaa miezi bila mtu humkuta mpangaji mpya na makato ya miezi iliyopita, naye huona uniti chache bila kuelewa. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye nyumba. Risiti ya simu huorodhesha makato yote, ila wengi wetu tunanakili tarakimu 20 za tokeni na kufuta ujumbe. Usifute. Ndiyo ushahidi wa kwanza utakaohitaji ukitaka kulalamika.

Tuseme risiti umeisoma, bei umeielewa, na bado uniti zinayeyuka. Hapo mita yenyewe itakusaidia. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa nzima. Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu yake imeandikwa namba kama 1000, 1600 au 3200 ikifuatwa na alama imp/kWh. Namba hiyo ndiyo idadi ya mipepeso inayokamilisha uniti moja. Kama mita yako ni ya 1000, kila mpepeso ni wati-saa moja. Taa ikipepesa mara moja kila sekunde 36, nyumba inatumia wati 100. Ikipepesa kila sekunde tatu, ni wati 1,200, bila shaka kuna mtu anapiga pasi. Kanuni ni rahisi: gawa milioni 3.6 kwa namba ya mita, kisha gawa kwa sekunde zilizopita kati ya mpepeso na mpepeso. Simu yenye saa inatosha.

Washa kifaa kimoja kimoja uhesabu. Utagundua kwamba taa za kisasa za wati 9 na feni ya wati 60 hazistahili lawama zinazopewa. Kinachokula umeme ni joto: pasi, birika, jiko la koili, hita ya maji. Na baridi pia, maana friji ni mashine ya kuhamisha joto.

Friji linahitaji maneno zaidi, hasa katika joto la Dumila. Joto hupenya kuta za friji kwa kasi inayolingana na tofauti ya nyuzi kati ya ndani na nje. Chumba kikiwa na nyuzi 32 na ndani ya friji ni nyuzi 4, tofauti ni 28. Lipandishe friji hilohilo mpaka Mgeta, juu kwenye Milima ya Uluguru, chumba kiwe na nyuzi 18, tofauti inabaki 14. Joto linalopenya ni nusu. Zaidi ya hapo, kompresa ya kule hutupa joto kwenye hewa ya ubaridi, kazi iliyo nyepesi, wakati ya Dumila inalisukuma kwenye hewa ambayo tayari ni ya moto. Kwa hiyo mtu akihama kutoka milimani na friji lake, bili ikapanda, friji halijaharibika. Ongeza mpira wa mlango uliochakaa, mgongo wa friji uliobanwa ukutani, barafu iliyoganda nene, na chupa za maji vuguvugu zinazoingizwa kila saa ili zipoe kwa wateja wa stendi, na kompresa haipumziki usiku wala mchana. Anayeuza barafu na maji baridi nyumbani anapaswa kuingiza uniti kwenye hesabu ya faida yake kama anavyoingiza bei ya mifuko.

Tatizo linaloniogopesha zaidi ni umeme unaovuja. Zima taa zote na kila kitu kwenye soketi, chomoa na chaja, kisha tazama taa ya mita. Ikiendelea kupepesa, kuna mkondo unaopita mahali usipopaona: waya uliochubuka ndani ya ukuta, kiungo kilichofungwa kwa nailoni darini, soketi iliyolowa mvua za masika. Mkondo wa nusu ampia tu kwa volti 230 ni wati 115. Saa 24 ni uniti 2.76, na mwezi mzima karibu uniti 83. Kwa bei ya T1 ni takriban shilingi 29,500 zinazoingia ardhini. Swichi ya kawaida ya kukata umeme haitashtuka, maana kwake nusu ampia ni kidogo mno. Kwa mwili wa binadamu si kidogo. Sehemu ya kumi ya hapo inaweza kuua. Mtoto akisema bomba au ukuta unampiga shoti, usingoje mwisho wa mwezi: zima swichi kuu na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Na kama taa ya mita inapepesa hata swichi kuu ikiwa imezimwa, hitilafu iko kati ya mita na swichi, au kuna mtu amejiunga kwenye waya wako. Hapo ni kazi ya TANESCO, usiguse.

Hitilafu nyingine hukaa kwenye nyumba na fremu za maduka zenye mita kadhaa. Umeme huingia kwa waya wa moto na kurudi kwa waya wa nyutro. Mita nyingi za LUKU hupima waya zote mbili na kuhesabu ile yenye mkondo mkubwa. Ziliundwa hivyo ili kumnasa anayeiba kwa kurudisha mkondo ardhini. Sasa fundi asiye makini akichukua nyutro ya duka lako kutoka duka la jirani, pasi yako ya wati 1,000 itapitisha ampia 4 na zaidi kwenye waya wako wa moto, na kiasi hichohicho kwenye nyutro ya jirani. Mita yako inahesabu. Ya kwake nayo inahesabu. Umeme mmoja umelipiwa mara mbili, na kila mmoja akipima vifaa vyake haoni kosa. Dalili yake: mita ya jirani inapepesa wakati amezima swichi zake zote za vyumba, na inatulia wewe unapozima.

Wapo wanaoamini kwamba uniti zilianza kwenda mbio baada ya mita "kuboreshwa" mwaka 2024. Kilichofanyika kinaeleweka. Kila tokeni hubeba muda wa kutengenezwa kwake, unaohesabiwa kwa dakika tangu Januari mosi 1993, na nafasi ya kuandika hesabu hiyo ina uwezo wa dakika 16,777,216 tu, yaani karibu miaka 32. Nafasi hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024, duniani kote penye mita za mfumo huu. Kati ya makundi matatu ya tarakimu uliyoingiza wakati wa kuiboresha mita, la kwanza na la pili yalibadilisha ufunguo wa kusomea tokeni; la tatu lilikuwa umeme wenyewe. Sehemu inayopima matumizi haikuguswa. Mita za nyumbani hutengenezwa kwa kosa lisilozidi asilimia 1 au 2, na ingawa zinaweza kuharibika, na una haki ya kuomba yako ikaguliwe, mita nzima haiwezi kugeuza uniti 60 kuwa 120.

Nimeacha kwa mwisho jambo linalowaumiza wengi zaidi: wapangaji wanaochangia mita moja. Tuchukue nyumba ya vyumba vitano, kila kimoja kikitumia uniti 30 kwa mwezi. Jumla ni 150, nyumba iko T1, na kila chumba kinachangia karibu shilingi 10,690. Kila chumba kingekuwa na mita yake kwenye D1, kingelipa 3,660. Bei iliyowekwa kwa ajili ya mwenye matumizi madogo haimfikii, kwa sababu mita inawaona watu watano kama mtu mmoja mwenye matumizi makubwa. Kisha wanagombana kuhusu friji la mmoja wao, wakati hasara kubwa iko kwenye ngazi ya bei. Wengine hukata tamaa na jiko la umeme na kurudi kwenye mkaa, wakati nchi imejiwekea lengo la asilimia 80 ya watu kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Gharama ya kuunganishiwa umeme inayojulikana tangu 2022 ni shilingi 27,000 kwa maeneo ya vijijini na 320,960 kwa mijini, nyumba ikiwa karibu na nguzo. Tofauti ya shilingi 7,030 kwa mwezi inarudisha gharama ya kijijini ndani ya miezi minne. Ya mjini inachukua karibu miaka minne, muda ambao mpangaji hawezi kuahidi kukaa. Mwenye nyumba anaweza.