Viza ya Ndoa ya Uingereza: Mambo ya Kutanguliza Kabla ya Kuomba

Si jambo geni kwa Mzanzibari kuoa au kuolewa na mtu anayeishi Uingereza. Zipo familia Unguja na Pemba ambazo nusu yao iko hapa na nusu iko London au Birmingham, na kila mwaka hufungwa ndoa ambazo mmoja wa wanandoa hurudi Ulaya na mwengine hubaki visiwani akisubiri. Kusubiri huko huwa kwa miezi, na kwa wengine kwa miaka. Mara nyingi sababu si ubaya wa ndoa wala upungufu wa mapenzi, bali ni karatasi ambazo hazikutayarishwa kwa wakati wake.

Ni vyema ifahamike tokea mwanzo kwamba cheti cha ndoa si ruhusa ya kuingia Uingereza. Cheti huthibitisha kuwa ndoa ipo. Ruhusa ya kwenda kuishi huko hutolewa na Serikali ya Uingereza kwa mujibu wa sheria zake, na ofisa anayeamua hamjui mwombaji, hakuhudhuria harusi yake, wala hawezi kuuliza majirani. Anachokiona ni maandishi tu. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya kazi ya maombi hufanyika hapa nyumbani, kabla ya kulipwa hata senti moja ya ada.

Nani anaweza kuomba

Mwombaji na mwenza wake ni lazima wote wawili wawe wametimiza umri wa miaka 18. Mwenza aliyeko Uingereza, ambaye ndiye mdhamini, kwa kawaida huwa ni raia wa nchi hiyo au mwenye ukaazi wa kudumu. Aidha, wawili hao ni lazima wawe wamewahi kuonana ana kwa ana. Sharti hili linawahusu hasa wale wanaooana kwa uwakilishi: ndoa inaweza kuwa sahihi, lakini ikiwa bwana na bibi hawajawahi kuonana, maombi hayatafaulu.

Kwa wenye nia ya kufunga ndoa huko huko, ipo viza ya wachumba. Hiyo hudumu kwa miezi 6, ndoa ni lazima ifungwe ndani ya muda huo, na mwenye viza haruhusiwi kufanya kazi. Viza ya mke au mume hutolewa kwa miezi 33 na humruhusu mwenye nayo kufanya kazi. Wengi kwa hivyo huona ni bora ndoa ifungwe nyumbani na isajiliwe kabla ya maombi.

Ndoa na talaka

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatumika Tanzania Bara na haitumiki Zanzibar. Ndoa za Kiislamu hapa hufungwa kwa mujibu wa sheria ya dini na sheria za Zanzibar, na migogoro yake husikilizwa katika Mahakama za Kadhi. Ndoa iliyofungwa hapa kwa utaratibu unaokubalika kisheria huweza kutambuliwa na Uingereza, lakini itambuliwe kwa ushahidi. Kwa hivyo isiachwe katika buku la mfungishaji ndoa pekee. Isajiliwe na kupatiwa cheti kupitia Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, chombo kilichoundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2018.

Talaka inahitaji uangalifu zaidi. Mwombaji aliyewahi kuolewa au kuoa kabla atatakiwa aoneshe kuwa ndoa ile imekwisha. Ikiwa talaka ilitamkwa nyumbani na haikuandikishwa popote, hana budi kulishughulikia jambo hilo kwanza. Kadhalika mwenza aliyefiwa ahifadhi cheti cha kifo cha marehemu.

Lipo pia jambo ambalo wazee wengi wanaoozesha hawalifahamu. Talaka inayotamkwa ndani ya Uingereza, hata kama imetimiza masharti ya dini, haihesabiwi na sheria ya huko kuwa imevunja ndoa ya kisheria. Huko ndoa huvunjwa na mahakama ya kiraia tu. Mwanamme mwenye makaazi yake ya kisheria England anayemwacha mke wake kwa kutamka, kisha akaja Zanzibar kuoa tena, mbele ya sheria ya England bado ni mume wa yule wa mwanzo, na ndoa yake ya pili inaweza kuhesabiwa kuwa batili. Bibi harusi wa Zanzibar atakuwa mke halali nyumbani kwao na asiwe mke katika nchi anayotaka kwenda kuishi. Hapo hupotea viza, na baadaye huweza kupotea haki nyengine za mke. Uingereza, kwa upande wake, haimpokei mke wa pili wakati mke mwengine wa mtu huyo huyo ameshapokewa kwa ndoa na ndoa yao ingalipo.

Kwa hivyo walii au mzee anayepokea posa kutoka Uingereza asione haya kuuliza: je, muoaji amewahi kuoa? Ikiwa amewahi, aoneshe hukumu ya mwisho ya mahakama iliyovunja ndoa ile. Kuuliza swali hili kabla ya mahari hakumvunjii mtu heshima. Kuliuliza baada ya maombi kukataliwa hakumsaidii yeyote.

Kipato cha mdhamini

Kuanzia tarehe 11 Aprili 2024, mdhamini anatakiwa awe na kipato kisichopungua pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo, tokea mwaka 2012, kiwango kilikuwa pauni 18,600. Mshahara ambao mwombaji anaupata Zanzibar hauhesabiwi, hata ukiwa mkubwa. Kinachotazamwa ni kazi ya mdhamini, na kwa aliyeajiriwa na mwajiri mmoja kwa muda wa miezi 6 au zaidi ushahidi wa kawaida ni hati za mshahara za miezi 6, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo na barua ya mwajiri. Mshahara ulioandikwa katika hati ni lazima uonekane ukiingia benki.

Asiyefikia kiwango hicho anaweza kutumia akiba. Anayetegemea akiba peke yake anahitaji pauni 88,500, zikiwa zimekaa katika akaunti kwa muda usiopungua miezi 6. Fedha za kuazima zilizoingizwa wiki moja kabla ya maombi hazisaidii. Pensheni nayo huhesabiwa, ya mdhamini na hata ya mwombaji, ijapokuwa inalipwa na nchi nyengine. Mtumishi mstaafu anayemfuata mwenza wake asiiache nyuma hati ya pensheni yake.

Lugha na afya

Mwombaji kutoka Tanzania anatakiwa athibitishe kuwa anajua Kiingereza cha kuzungumza na kusikiliza kwa kiwango cha mwanzo, kiitwacho A1. Mtihani huo ni lazima ufanywe katika kituo kinachokubaliwa na Serikali ya Uingereza. Cheti cha darasa la jioni hakitoshi. Aliyefikia umri wa miaka 65 husamehewa. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuitumia badala ya mtihani, baada ya kuthibitishwa na chombo cha Uingereza kinachohusika na utambuzi wa shahada za nje.

Anatakiwa pia apimwe kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa na Serikali ya Uingereza. Cheti chake kwa kawaida hudumu kwa miezi 6. Anayepima mapema mno huenda akalazimika kupima mara ya pili. Mama mjamzito aieleze kliniki hali yake kabla ya kupigwa picha ya kifua.

Ada

Tarehe 9 Aprili 2025 ada ya maombi haya kwa aliyeko nje ya Uingereza ilipandishwa na kuwa pauni 1,938. Juu yake kuna malipo ya huduma za afya, ambayo kwa mtu mzima yaliwekwa kuwa pauni 1,035 kwa mwaka kuanzia Februari 2024. Kwa viza ya miezi 33 hulipwa ya miaka 3, yaani pauni 3,105. Jumla ya malipo hayo mawili ni pauni 5,043, kabla ya mtihani, kipimo, tafsiri, na nauli ya boti ya kwenda Dar es Salaam kuchukuliwa alama za vidole. Maombi yakikataliwa, malipo ya afya hurejeshwa. Ada ya maombi hairejeshwi. Viwango hivi hubadilika mara kwa mara, hivyo kila mwombaji avihakikishe katika tovuti ya Serikali ya Uingereza siku anayolipa.

Majina na tafsiri

Miongoni mwa makosa madogo yanayoleta usumbufu mkubwa, la kwanza ni majina. Mtu mmoja huitwa Khamis katika cheti cha kuzaliwa, Hamisi katika cheti cha skuli na Hamis katika pasipoti. Fatma wa kitambulisho huwa Fatuma wa cheti cha ndoa. Nyumbani hakuna asiyejua kuwa ni mtu yule yule. Kwa ofisa wa mbali, hao huweza kuwa watu wawili. Mwombaji aziweke karatasi zake zote juu ya meza moja, asome kila jina, kila tarehe na kila jina la baba, na palipo na tofauti aende kwenye ofisi husika kuomba marekebisho kabla ya maombi.

Hati yoyote iliyoandikwa kwa Kiswahili au Kiarabu iambatanishwe na tafsiri kamili ya Kiingereza. Tafsiri iwe na tamko la mfasiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake, saini yake na mahali anapopatikana. Kutafsiriwa na shemeji aliyesoma Kiingereza hakukubaliki.

Wastaafu wanaotaka kuwafuata watoto

Baadhi ya wastaafu huuliza kama ipo viza ya kustaafia Uingereza. Ilikuwepo kwa watu wenye mali ya kujitegemea, lakini ilifungwa kwa waombaji wapya mwaka 2008. Mzee anayetaka kuhamia kwa mwanawe huangukia masharti ya wazee tegemezi yaliyokazwa mwezi Julai 2012: ni lazima awe anahitaji kusaidiwa katika shughuli za kila siku kwa sababu ya umri, maradhi au ulemavu, na msaada huo usiweze kupatikana katika nchi yake hata kwa fedha za mtoto wake. Wachache hufaulu. Njia iliyobaki kwa wengi ni viza ya matembezi. Hata ikiandikwa kuwa ni ya miaka 2, 5 au 10, kila ziara haizidi miezi 6.

Baada ya kufika

Viza ya mwanzo ikikaribia kumalizika, mwenye nayo huomba nyongeza ya miezi 30, kwa ada nyengine na kwa Kiingereza cha kiwango cha juu zaidi. Mwenza wa raia wa Uingereza kwa kawaida huweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 5. Kuwa na viza au ukaazi hakubadilishi uraia wa mtu. Lakini Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyengine kwa hiari yake hupoteza uraia wa Tanzania.

Wazazi pia wamweleze binti yao, kabla hajaondoka, kwamba pasipoti ni yake na haipaswi kushikwa na mwengine. Ikiwa ndoa na raia au mkaazi wa kudumu itavunjika kwa sababu ya kupigwa au kunyanyaswa, sheria ya Uingereza inamruhusu aliyedhulumiwa kuomba ukaazi kwa nafsi yake. Wako waliovumilia kwa kuambiwa kuwa wakitoka nyumbani watarejeshwa kwao. Maneno hayo si ya kweli, na anayeyajua mapema huwa na pa kushika.

Nasaha

Mtumishi wa umma asijiuzulu kazi, na mwananchi asiuze kiwanja wala asinunue tiketi, kabla ya viza kutoka. Asimpe wakala fedha kwa ahadi ya njia ya mkato, kwani hakuna wakala anayeamua maombi, wala kituo cha kupokelea hakiamui. Asikubali kuandikiwa jambo la uongo, kwa sababu saini ni yake na uongo unapogunduliwa unaweza kumfungia mlango kwa miaka mingi. Maombi yakikataliwa, aliyeko nje ya Uingereza kwa kawaida ana siku 28 za kukata rufaa. Barua ya kukataliwa isomwe yote, kwani ndani yake huelezwa sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni karatasi ambayo ingeliweza kupatikana hapa hapa Unguja au Pemba.