Kenya: Simu za Mkononi na Afya ya Akili ya Askari

Simu ya mkononi ya kisasa inajua mengi kuhusu mwenyewe. Inajua saa aliyolala na saa aliyoamka, umbali aliotembea, na siku ambazo hakuzungumza na mtu yeyote. Wataalamu wanaamini kwamba dalili hizo zaweza kumfichua mtu anayeanza kuugua sonona kabla yeye mwenyewe hajakiri. Mwaka 2013, katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, simu za wanafunzi 48 zilifuatiliwa kwa wiki 10, na mabadiliko ya usingizi na mazungumzo yao yakaonekana kuhusiana na hali ya nafsi zao.

Lakini je, wananchi watakubali kuchunguzwa hivyo? Nchi jirani ya Kenya inafaa kutazamwa, kwani huko simu imeingia ndani mno ya maisha ya watu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, karo, matanga na deni la duka hulipwa kwa simu. Mikopo nayo ikafuata.

Mikopo hiyo ndiyo iliyowatia watu hofu. Baadhi ya programu za mikopo ziliomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo katika simu ya mkopaji. Alipochelewa kulipa, mama mkwe wake na mkubwa wake wa kazi walipigiwa simu, naye akaaibika. Sheria ya mwaka 2021 iliwaweka wakopeshaji hao chini ya Benki Kuu, na Septemba 2023 kampuni moja ilitozwa faini ya karibu shilingi milioni 3 za Kenya kwa kutumia majina ya watu bila ridhaa yao. Mwezi mmoja kabla ya hapo Serikali ilikuwa imesimamisha shughuli za Worldcoin, baada ya maelfu ya watu kupanga foleni jijini Nairobi ili mboni zao zipigwe picha kwa malipo ya shilingi 7,000 hivi. Wapo waliosema kwamba Wakenya hawajali siri zao. Huenda ni kweli zaidi kusema kwamba walihitaji fedha.

Kwa ujumla, uchunguzi wa maoni katika nchi mbalimbali unaonyesha kwamba watu hawaoni tabu sana kutoa hesabu ya hatua na usingizi wao, bali husita wanapoombwa sauti, ujumbe au mahali walipo. Humwamini daktari kuliko mwajiri.

Kwa askari tofauti hiyo ni kubwa zaidi, maana mwajiri wake ndiye aliyempa silaha na ndiye awezaye kumnyang'anya. Jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililotoa taarifa yake Novemba 2023, liligusa afya ya akili ya polisi pamoja na mishahara na makazi yao. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kuwa kinyume cha Katiba, aliyemweleza daktari kwamba alijaribu kujiua alikuwa amekiri pia kosa la jinai. Katika hali hiyo askari mgonjwa alinyamaza.

Tena kuna hatari ya kikazi. Januari 2018 ilidhihirika kwamba ramani ya Strava, programu ya watu wanaofanya mazoezi ya kukimbia, ilikuwa imechora njia za askari ndani ya kambi zao katika nchi za ng'ambo. Agosti mwaka huohuo Marekani iliwapiga marufuku askari wake kutumia vyombo vya aina hiyo katika maeneo ya operesheni. Simu inayopima huzuni ya askari hupima pia mahali alipolala.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huihesabu afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, inayohitaji ulinzi zaidi. Hata hivyo imeacha mlango wazi kwa mambo ya usalama wa taifa, wala haikueleza iwapo usingizi wa konstebo ni mojawapo ya mambo hayo.