Dawa ya fangasi na molekuli zinazojipanga



Tarakimu nyeusi za kikokotoo zinaonekana kwa msaada wa fuwele kimiminika: kitu kinachotiririka kama maji, lakini molekuli zake zimejipanga kiasi. Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Prague, aliigundua mwaka 1888. Kitu alichokichunguza kiliyeyuka mara mbili: kwa nyuzi 145.5 kilikuwa uji wenye ukungu, kwa nyuzi 178.5 kikawa angavu.

Leo tutazame zile zinazopoa hadi kuwa kioo. Mfano mzuri uko kwenye duka la dawa: itrakonazoli, dawa ya fangasi. Ikiyeyushwa maabara (huyeyuka karibu nyuzi 166) kisha ikapozwa bila kugeuka fuwele, molekuli zake ndefu kama vijiti huanza kuelekea upande mmoja kwenye nyuzi 90 hivi. Ndivyo tulivyo kwenye maandamano ya Ekaristi Takatifu: wote tunatazama mbele, lakini hakuna safu. Karibu nyuzi 74 zinaingia kwenye safu, kama waumini wakishakaa kwenye mabenchi. Karibu nyuzi 59 zote zinakwama, ni kioo, na mpangilio uliokuwepo unabaki.

Mpangilio upi? Inategemea mwendo wa kupoza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walionyesha mwaka 2018 kwamba ili safu zikamilike, kila molekuli lazima iweze kujipindua, kichwa kiende miguuni. Joto likishuka upesi, kujipindua kunachelewa na safu zinabaki nusu. Kwa hiyo dawa ileile inaweza kutoa vioo tofauti.

Mgonjwa inamhusu nini? Fuwele ya itrakonazoli karibu haiyeyuki katika maji, hivyo mwili unapata kidogo. Hali isiyo ya fuwele inayeyuka vizuri zaidi, ndiyo maana katika kapsuli dawa huchanganywa na polima inayoizuia kurudi kuwa fuwele. (Vipimo vya nyuzi tulivyotaja ni vya dawa tupu, si vya mchanganyiko huo.) Hata hivyo joto na unyevu vinaisukuma irudi. Hapa kwetu Mlandizi, karibu na mto Ruvu, masika huleta vyote viwili. Kapsuli zibaki kwenye pakiti yake, mbali na jiko na dirisha lenye jua, maana iliyoharibika hivyo kwa macho haitofautiani na nzima.