Uso Wako Usibaki Kwenye Kadi ya Kura Tu

Hapa Kasongo, mkoani Maniema, mashariki mwa Kongo, mtu akifariki, hazipiti siku nyingi kijana wa familia hunijia studio na kadi ya kura ya marehemu. "Mama Foto, tukuzie hii, tuiweke mezani watu wanapokuja matanga." Hiyo ndiyo picha pekee waliyo nayo. Mzee ameishi, ameoa, amelima mpunga, ameozesha mabinti, ameamua kesi za ukoo, na sura yake imebaki kwenye kipande kisichozidi kidole gumba. Kadi zilizotolewa na tume ya uchaguzi, CENI, kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 zilizidisha taabu, maana nyingi zilififia mapema na watu wakalazimika kuomba duplikata. Picha iliyofifia haiwezi kukuzwa. Ukiivuta ifikie ukubwa wa daftari, jicho linakuwa doa, mdomo unakuwa mstari, na mjane anaitazama asimwone mumewe.

Kwa hiyo ninawaomba watu waje wangali wazima, tena waje wamejitayarisha. Kazi kubwa ya picha nzuri ya mtu hufanyika nyumbani kabla hajafika kwangu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haidai hata franka moja.

Kitu cha kwanza ninachomuuliza mteja ni nani atakayeitazama picha hiyo. Kama ni ofisa wa pasipoti, mambo ni mepesi. Sheria zimewekwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga: milimita 35 kwa 45, nyuma yako pawe peupe au rangi hafifu isiyo na maua, uso kutoka kidevuni hadi utosini ujaze asilimia 70 hadi 80 ya urefu wa picha, macho wazi, mdomo umefungwa. Mtandio wa dini unaruhusiwa mradi uso wote uonekane. Picha hiyo ni ya kusomwa na mashine, tunaimaliza kwa dakika chache.

Lakini kama atakayeitazama ni mama yako aliyeko Bukavu, au mwanao anayesoma Kindu, au wajukuu ambao bado hawajazaliwa, basi tukae kwanza tuzungumze. Mama anataka kuona kama umenenepa. Mchumba anataka kuona macho. Mjukuu atataka kujua babu alikuwa mtu wa kazi gani. Fundi cherehani mmoja nilimwambia aje na mkasi wake. Aliushika mapajani bila kuambiwa aushike vipi, na mabega yake yakashuka yenyewe, kwa sababu mikono ilikuwa imepata kitu inachokijua. Tangu hapo kila mtu namwambia: njoo na kitu cha mkono wako. Jembe, tasbihi, rozari, daftari la hesabu za dukani, mtoto mchanga. Mpiga picha mashuhuri wa Mali, Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alikuwa akiwaazima wateja suti, saa na redio ili watoke kama watu wa mjini. Picha zake ni nzuri sana, nami koti la wanaume ninalo limetundikwa ukutani kwa anayelihitaji. Hata hivyo mkasi wa yule fundi ninaupenda kuliko koti langu.

Sasa nguo. Ninawahimiza wateja walete mbili au tatu tuchague pamoja, kwa sababu nguo inayopendeza kwa macho inaweza kusumbua kamera. Kikwembe chenye maua makubwa kinavuta jicho kabla halijafika usoni. Sikikatazi, kikwembe ni heshima yetu, ila nashauri chenye maua madogo kiwe juu karibu na shingo, au blauzi ya rangi moja juu na kikwembe chini. Kikwembe kipya kifuliwe kwanza, kipigwe pasi, maana mikunjo ya dukani huonekana wazi kuliko unavyodhani. Shati lenye mistari myembamba sana liache nyumbani, kwa kuwa kamera za kisasa huigeuza mistari hiyo ikawa mawimbi yanayocheza.

Nyeupe inataka maelezo marefu zaidi, na hapa Kasongo siwezi kuikwepa, kwani mwanamume Mwislamu akitaka kupendeza huvaa kanzu nyeupe. Kamera haijui kwamba inatazama kanzu. Yenyewe hudhani kila kilicho mbele yake, kikijumlishwa, kina wangavu wa kijivu cha katikati. Ikiona weupe mwingi, hudhani mwanga umezidi, hupunguza. Kanzu inatoka vizuri na uso mweusi wa mwenyewe unazama gizani. Watu wengi wamerudi nyumbani na picha kama hizo wakaamini kwamba wao hawapendezi pichani. Si kweli, hao walipigwa na mtu aliyeiachia kamera iamue. Dawa ni kupima mwanga wa uso peke yake na kuiambia kamera iongeze. Kabla hujamlipa fundi yeyote, muulize akuonyeshe picha aliyompiga mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe. Ukiona pua, mashavu na paji la uso, kila kimoja kwa umbo lake, basi akupige.

Jambo hili lina historia inayoniuma. Miaka mingi filamu za rangi zilipimwa kwa ngozi nyeupe. Kampuni ya Kodak ilituma kwenye maabara za kusafishia picha kadi ya kulinganishia rangi, yenye picha ya mwanamke mzungu, na mafundi waliiita kadi hiyo Shirley. Ngozi yake ikitoka sawa, kazi imekubalika. Sisi tulitoka macho na meno tu. Miongoni mwa waliolalamika na kusikilizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na samani, waliotaka rangi za kahawia za bidhaa zao zionekane. Sasa simu imekuja na ugonjwa mwingine: inamlainisha na kumng'arisha mtu bila kuulizwa. Wasichana huja wakiomba niwatoe weupe kama simu inavyowatoa. Nakataa, na ninawaeleza kwa upole kwamba rangi ya ngozi sigusi. Chunusi iliyoota jana nitaifuta, kwa sababu wiki ijayo haipo. Kovu la utotoni naliacha, na chale za bibi siwezi hata kufikiria kuzigusa.

Ngozi yenyewe itayarishwe siku moja kabla. Anayetoka vijiji vya upande wa Lusangi au Kabambare huja kwa pikipiki, na kiangazi vumbi jekundu la njia huingia mpaka kwenye kope. Namwomba afike jioni, alale kwa ndugu, aoge, apigwe picha asubuhi. Akija moja kwa moja kutoka barabarani, macho huwa mekundu, na wekundu huo hauna poda ya kuuficha. Mafuta apake kidogo. Ngozi kavu hutoka kijivu, na ngozi iliyojaa vaselini hutoa mwanga mweupe puani na kwenye paji. Ninapenda mng'ao mdogo, unaonyesha umbo la mfupa. Kitambaa safi cha kujifutia jasho ni bora kuliko poda, na kama poda ni lazima, ilingane na rangi ya shingo. Nywele zisukwe siku mbili tatu kabla: siku ile ile ya kusukwa ngozi huvutwa, nyusi hupanda, mtu anaonekana ameshtuka. Kadhalika ndevu, zinyolewe jana yake, vipele vipate kutulia.

Dada zangu wanaovaa mtandio, njooni na pini za kutosha, mchague mtandio wa rangi tofauti kidogo na ya pazia la nyuma yenu. Mimi ni mwanamke, mlango nitaufunga, mtajirekebisha mbele ya kioo bila haraka.

Mwanga ndio chakula cha kazi yetu, na hapa tunakula kwa saa. Kasongo iko kama nyuzi nne na nusu kusini mwa ikweta. Mapema Machi na mapema Oktoba, jua la adhuhuri linakusimamia utosini hasa, na hata miezi mingine haliendi mbali sana. Jua la juu hutia mashimo meusi kwenye macho na masharubu ya kivuli chini ya pua. Basi njoo kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Siku ya mawingu ya masika njoo saa yoyote, wingu hueneza mwanga sawasawa juu ya uso wote. Umeme wa paneli za jua nautunza kwa ajili ya kompyuta na printa. Uso naupiga kwa mwanga wa mlangoni.

Watu hupenda kupigwa chini ya mwembe. Miembe ya Kasongo ni fahari yetu, na kivuli chake ni baridi, lakini majani yanaangusha ukijani kwenye ngozi, na jua linalopenya hutawanya mabaka usoni. Baraza ni bora: kaa ndani kidogo ya kivuli, uso uelekee nje. Ardhi yetu nyekundu nayo hurusha rangi yake chini ya kidevu, kwa hiyo natandika shuka nyeupe miguuni pa mteja. Atakayepigwa nyumbani na mpwa wake mwenye simu anaweza kufanya yote hayo. Aongeze moja tu: mpwa arudi nyuma hatua mbili. Simu ikisogezwa karibu na uso, pua hukua na masikio hurudi nyuma.

Wazee nawapa muda mrefu kuliko wote. Wengi wao husimama wima, mikono imenyooka, uso mkavu, kama walivyoona wakubwa wao wakisimama. Siwaambii wacheke. Kwa mzee kutocheka mbele ya kamera ni adabu, na anayelazimishwa kuonyesha meno hutoa uso ambao watoto wake hawaujui. Namketisha, namwomba anieleze shamba lake kwa lugha yake, Kibangubangu, Kizimba au Kikusu, hata nisipoelewa yote. Akifika mahali anapopapenda, uso unafunguka wenyewe.

Nina sababu ya kuwajali hivyo. Kasongo ya kale ilikuwa makao makuu ya Hamed bin Muhammed, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa aitwaye Tippu Tip, na majeshi ya Dhanis, ofisa Mbelgiji, yaliiteka tarehe 22 Aprili 1893. Tippu Tip alifariki Unguja mwaka 1905, na Unguja wakati ule ilikuwa na studio za picha za Wagoa, kama ile ya A. C. Gomes. Sura yake tunayo hadi leo, na kilemba chake, ndevu zake, joho lake. Wale waliotembea kwa miguu kutoka Maniema hadi pwani, pembe za ndovu mabegani, hatuna nyuso zao. Walipokuja Wabelgiji walipiga watu wetu picha nyingi, wakaandika chini yake jina la kabila, mara nyingi bila jina la mtu. Ukizitazama leo unamwona bibi wa mtu fulani, amesimama juani, na hakuna awezaye kusema ni bibi wa nani.

Kwa hiyo picha ikishatoka, geuza nyuma. Andika kwa penseli, taratibu: jina kamili, jina la baba, kijiji, mwezi na mwaka. Kalamu ya wino hupenya ikachafua upande wa pili. Ukiiweka kwenye fremu, isigusane na kioo. Hewa yetu ina unyevu, na karatasi hung'ang'ania kioo hata ukitaka kuitoa inachanika. Kata ukingo wa karatasi ngumu uweke katikati. Ukutani iwe mbali na udongo, mchwa hawachagui.

Tena toa nakala mbili za karatasi. Upande wa Kabambare nimekutana na familia zilizokimbia mapigano zikiwa na sufuria, watoto na vyeti vya shule, picha zimebaki ukutani. Nakala ya pili mpe ndugu wa mji mwingine, Kindu, Kalemie au popote alipo. Ya tatu hifadhi kwenye simu, uitume kama faili kamili, kwa sababu WhatsApp huipunguza picha inayotumwa kwa njia ya kawaida, na siku ya kutaka kuichapisha tena kubwa itakuwa haitoshi. Mwambie anayeipokea kama anaruhusiwa kuiweka kwenye status yake au la. Jambo hilo liamueni siku ile ile, kabla haijaondoka studio.