Nani Anasema katika “Malaika”? Kuhusu Vitenzi Viwili vya Wimbo wa Fadhili William

Fadhili William Mdawida, Mtaita aliyezaliwa mwaka 1938, aliimba nyimbo kadhaa, lakini jina lake hukumbukwa kwa wimbo mmoja. Aliurekodi mjini Nairobi pamoja na kundi la Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, na haukupita muda mrefu kabla wimbo haujampita mwimbaji wake. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba kwa pamoja katika albamu yao ya Marekani. Mwaka 1981 ukatolewa na Boney M.; mwaka 1991 Angélique Kidjo akauingiza katika albamu yake Logozo. Wasikilizaji wengi, wakiwemo wanafunzi wetu, waliukuta kwanza katika sauti ya kike. Hapo ndipo linapozuka swali la makala haya: nafsineni wa wimbo huu ni nani?

Kitenzi kikuu cha wimbo ni -oa, nacho kimo katika kauli ya kutenda. Katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa; kauli ya kutendwa hapa si suala la mpangilio wa maneno tu, bali imebeba mgawanyo mzima wa wajibu, ukiwemo wajibu wa kutoa mahari. Kwa hiyo anayesema “ningekuoa” amekwisha kujitambulisha jinsia yake kabla hajasema lolote jingine. Tukumbuke pia kwamba -nge- kwa kawaida hudai pande mbili, kama katika sentensi “Ningekuwa na mali, ningekuoa.” Wimbo unatupa upande wa pili tu. Sharti halitajwi kama sharti, bali linakuja kama taarifa kavu ya mtu aliyeshindwa kwa kukosa mali. Kijana huyu hata hathubutu kuiwazia hali ambamo angekuwa nayo.

Makeba na Kidjo hawakukigeuza kitenzi hicho kuwa “ungenioa” wala “ningeolewa nawe”. Katika rekodi ya 1965 jambo hilo halisumbui sana, kwa kuwa sauti ya Belafonte ipo na inaweza kubeba unafsi wa kiume. Mwanamke anapoimba peke yake, msikilizaji wa Kiswahili ana njia mbili: kumchukua mwimbaji kama msimulizi wa maneno ya mwingine, jambo la kawaida katika sanaa simulizi zetu, au kusikia kosa. Binafsi nachagua njia ya kwanza. Msikilizaji wa Paris au New York hakabiliwi na uchaguzi huo, kwani tafsiri kwa lugha zisizotofautisha muoaji na muolewa hufuta kabisa alama hiyo. (Hata neno “dada”, ambalo kwetu ni wito wa heshima kwa msichana yeyote, kwake laweza kuzua mashaka yasiyokuwepo.)

Kitenzi cha pili kina utata mkubwa zaidi. Katika matoleo mengi husikika neno “hukuwaza”, likifuatana na wito wa “kidege”. Umbo hili lina uchanganuzi wa aina mbili. Kwanza, hu- ni ya mazoea, -ku- ni kiambishi cha mtendwa wa nafsi ya pili umoja: hu-ku-waza, yaani nafsineni humuwaza mpenzi wake daima. Pili, hu- ni ukanushi wa nafsi ya pili umoja, na -ku- ni alama ya wakati uliopita katika ukanushi: wewe hukuwaza, yaani hukufikiri. Shada haitusaidii, kwa sababu katika usomaji wote wawili inaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Usomaji wa kwanza ni wa hamu, wa pili ni wa lawama. Muktadha wa wimbo waelemea kwenye hamu, lakini lawama haiwezi kufukuzwa kwa hoja ya sarufi pekee. Tena hu- ya mazoea haichukui kiambishi cha nafsi. Pale -oa ilipomfichua msemaji, hu- inamsitiri.

Utata wa maneno umeambatana na utata wa umiliki. Adam Salim wa Tanzania alidai kuutunga wimbo huu mwaka 1945, na wapo wengine waliojitokeza kuudai. Fadhili William alishikilia kwamba ni wake hadi alipofariki mwaka 2001. Matini yenyewe haiwezi kutoa ushahidi: kijana asiye na mahari angeweza kuwa wa Taita, Moshi au Mombasa. Kwa mhariri anayeunakili wimbo huu kwa ajili ya darasa, naona ni salama zaidi aandike “hukuwaza” kama lilivyosikika katika rekodi anayoitaja, asilisahihishe kuwa “nakuwaza”, na majina ya wadai wote ayaweke kwenye maelezo.