Je, Wajua? Plau huweza kuufanya udongo uwe mgumu

Plau hupindua udongo wa juu, hufukia magugu na kulainisha mahali pa kupanda. Lakini ikilima kina kilekile kila msimu, hujenga chini yake tabaka gumu: maji hayazami, mizizi ya mahindi hupinda pembeni. Ripa, jembe jembamba la kukokotwa, huchana mistari ya kupandia tu na kulipasua tabaka hilo. Mabaki ya mazao husalia juu yakitunza unyevu, ingawa palizi huongezeka. Kwenye miteremko mikali ya Mbinga, Tanzania, Wamatengo hulima ngoro: mashimo yaliyozungukwa na matuta yenye nyasi zilizofukiwa, yanayozuia mmomonyoko. Mteremko, mvua na aina ya udongo ndivyo huamua njia ifaayo.